Aliyekataa Kuruka

Kila Jumamosi saa kumi alasiri fundi cherehani alifunga kazi, akasukuma cherehani ukutani, akatundika shuka jeupe kwenye misumari miwili na kuwasha projekta. Alikuwa na mikanda sitini na mitatu ya filamu za zamani, kila mmoja ndani ya kopo lake la bati, imepangwa chini ya kitanda na juu ya kabati mpaka viatu vyake vikakosa pa kukaa. Kabla ya kuonyesha mkanda alifungua kopo akanusa. Mkanda ukinuka siki alijua umeanza kuoza, akautenga na wenzake. Ukikatika aliuunga kwa utulivu uleule aliopindia suruali za watu, na hakuna aliyewahi kuona kiungo.

Alizipenda filamu hizo kupita kiasi wala hakuona haya. Alijua nani alimzaba nani kibao na kwa sababu gani. Jirani yake mpiga pasi, aliyekuja na kigoda chake mwenyewe, alikatazwa hata kukohoa wakati wa mapigano.

Lakini mapenzi hayo yalikuwa na mwiba. Mdogo wake wa kiume aliwahi kufanya kazi ya kuruka badala ya mastelingi. Stelingi hafi, hilo kila mtu analijua. Anayekufa ni yule aliyevalishwa koti lake. Mdogo wake alivalishwa koti, akaruka kutoka juu ya mnara wa maji, kamba ikakatika. Kampuni ikamwandikia mama yao barua ya mistari miwili: marehemu aliruka kabla ya amri, kosa ni lake. Mama aliiamini barua hiyo mpaka anaingia kaburini, na alikufa amemkasirikia mwanawe. Hilo ndilo fundi hakulisamehe.

Majina ya warukaji hayaandikwi mwishoni mwa filamu, kwa hiyo ilimchukua miaka ishirini na sita ya kukusanya mikanda kwa kubahatisha hadi akaupata ule wenye mnara. Ndio uliokuwa wa sitini na tatu. Aliuonyesha Jumamosi iliyofuata. Kijana alipanda mnara akiwa ameipa kamera mgongo, akafika juu, akajifunga kamba, akaivuta, akageuka.

"Bosi, kamba hii imeoza," alisema.

"Ruka," sauti ya mwongozaji ilijibu kutoka nje ya picha.

"Nimekwambia tangu asubuhi. Siruki."

Akashuka ngazi, akavuka uwanja, akainua pindo la shuka, akaingia sebuleni. Umri wake ulikuwa uleule aliokufa nao, miaka ishirini na miwili. Filamu iliendelea bila yeye, na stelingi akatokea chini ya mnara akijipangusa vumbi.

"Dada, umezeeka," kijana alisema.

"Na wewe umechelewa. Kaa, chai ipo."

Mpiga pasi alisogeza kigoda ampishe, akauliza kama filamu imekwisha.

Tangu siku hiyo, kila nakala ya filamu hiyo, popote ilipoonyeshwa, ilikuwa na mnara mtupu. Watazamaji walilalamika. Baada ya wiki tatu ofisa wa kampuni alikuja na mkoba wake. Alikuwa na fomu ya jambo hilo. Alimtaka kijana arudi kazini, maana mkataba wake haukutaja kifo.

"Kwanza sahihisheni barua yenu," fundi alisema. "Aliwaambia kamba imeoza, nanyi mkamwambia ruka. Mama yetu amekufa anamlaumu mtoto wake kwa uongo wenu!"

"Barua ile iko kwenye faili lililofungwa, mama."

"Lifungueni."

"Faili la marehemu hufunguliwa kwa ombi la marehemu mwenyewe."

"Si huyu hapa anakunywa chai!"

Ofisa alimtazama kijana, akaitazama fomu. "Huyu si marehemu," alisema. "Huyu hajaruka."

Akafunga mkoba, akaaga kwa adabu.

Barua ya pili ilifika Jumatano. Ilisema kijana ameachishwa kazi kwa kukataa kuruka baada ya amri. Barua ya kwanza inabaki kama ilivyo. Nafasi yake imejazwa.

"Kwa hiyo niliruka mapema, halafu nikakataa kuruka?" kijana aliuliza.

"Ndiyo. Makosa mawili, na yote yako. Washenzi wakubwa!"

Jumamosi fundi alitundika shuka kama kawaida. Kijana mwingine alikuwa anapanda mnara. Hata masharubu hayajamwota, na koti lilimpwaya. Fundi aliona mara moja kwamba hakuna aliyejali kulipunguza mabega. Mdogo wake alisimama mbele ya shuka, kivuli chake kikafunika nusu ya uwanja.

"Usiruke, bwana mdogo! Ivute kwanza! Imeoza!"

Fundi naye alipiga kelele, na mpiga pasi pia, aliyekatazwa hata kukohoa. Kijana hakugeuka. Alikuwa ametega sikio upande wa mwongozaji.

"Ruka," sauti ilisema.

Fundi alichomoa waya wa projekta ukutani. Picha haikuzimika. Kijana aliruka baada ya amri, kwa wakati, kama inavyotakiwa.