Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Salima alirudi kwao Tingi na kinasa sauti, dodoso la kurasa sita, na kazi ambayo mama yake alishindwa kuwaeleza majirani: alikuwa anasomea hofu. Chuoni wanaiita fasihi ya kutisha. Majirani wakaelewa kwamba binti anasomea uchawi, na wawili wakaacha kabisa kukatisha uani kwao.

Shida yake ilikuwa moja. Msimamizi wake, Dokta Ignatius, alitaka hadithi moja ya zimwi, iliyorekodiwa kutoka kinywani mwa msimuliaji, imfikie siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama. Jopo linakaa kesho. Bila hadithi, mwaka mzima anaurudia. Na aliyekuwa na hadithi hiyo ni bibi yake, Bi Kibibi, peke yake.

Bi Kibibi alikuwa akibangua korosho. Aliitikia shikamoo, akasikiliza maelezo yote, akauliza kama chuo kizima hakuna mtu mwenye kazi, kisha akakataa. Ngano hazisimuliwi mchana. Anayesimulia mchana huota mkia, na kwa umri wake hakutaka kuanza kushona magauni upya.

"Usiku unaanza saa ngapi, bibi?"

"Kuku wakishalala."

Salima akawatazama kuku. Walikuwa kumi na mmoja, wanachakura bila wasiwasi wowote wa kitaaluma. Basi, saa nne asubuhi, msomi wa shahada ya uzamili akavua viatu na kuanza kufukuzana nao. Alianguka mara mbili. Alipomtia bandani wa mwisho, akalifunika banda kwa turubai, akatundika kanga madirishani mwa nyumba. Bi Kibibi alikwenda kuchungulia, akaripoti kwamba wamelala, ingawa mmoja anajifanya. Akaingia ndani, akakaa mkekani, na sauti yake ikashuka.

Alisimulia habari za mjane aliyelinda shamba peke yake kule Miteja. Jioni moja akapigiwa hodi. Mtu anaomba moto. Akampitishia kaa la moto kwenye tundu la mlango. Jioni ya pili, vidole vilivyopokea vilikuwa virefu kidogo. Ya tatu, mjane akagundua kwamba kaa linapokelewa kwa kiganja kitupu, na kiganja hakishtuki. Ya nne akaziba tundu, akaufunga mlango kwa gogo, akakaa kimya akisubiri. Hodi ikapigwa. Safari hii ilitokea ndani.

Chini ya turubai, jogoo akawika.

"Kumekucha," Bi Kibibi akasema, akainuka. Jogoo akiwika, ngano inakatwa hapohapo. Salima alibembeleza mpaka akakaribia kulia. Bibi alikwisharudi kwenye korosho zake. Ikabidi aitume hivyohivyo, na kwenye dodoso, penye mwisho wa hadithi, akaandika: jogoo aliwika. Akaanza kujizoesha kuurudia mwaka.

Alasiri simu ikaita. Dokta Ignatius, aliyefundisha miaka ishirini kwamba zimwi ni taswira tu ya hofu za jamii, aliuliza kwa sauti ndogo ni nani alikuwa ndani.

Salima akamwambia hajui.

Kisha Dokta akasema hadithi imepita, jopo litaisikiliza kama ilivyo, na hongera.

"Ila usikate simu kwanza," akaongeza. "Mke wangu kasafiri. Nakagua vyumba."