Siku Kome Walipofungua Wote

Watu wakisikia kazi yangu ni kulinda kome, hucheka. Wacha wacheke. Maji wanayopikia kila siku huonjwa kwanza na kome wangu wanane, wale wa mtoni wenye magamba mawili yanayofunga kama kijaluba, ndipo yanapita kwenye matangi ya kituo chetu na kwenda mjini. Kila mmoja amebandikwa waya mwembamba mgongoni kwa gundi. Kome mzima hupanua magamba, hunyonya maji, hujibana kidogo, hupanua tena, na kwenye kompyuta mstari wake hupanda na kushuka siku nzima. Maji yakiwa na kitu kibaya, anafunga. Wakifunga watano kwa pamoja, kengele inalia na pampu inazima yenyewe.

Nimekaa nao miaka kumi na moja katika kile chumba cha chini, ambacho sakafu yake haijawahi kukauka. Nimewapa majina ya utani. Bi Mkubwa hununa kwa jambo dogo. Mbea hafungi mdomo hata umgombeze. Kila asubuhi napitisha mkono juu ya tangi lao la kioo, na kivuli kikiwagusa tu wanajibana wote, isipokuwa Mbea, ambaye hufikiria kwanza. Ndiyo salamu yetu.

Mwaka ule mto ulipungua mpaka mawe ya chini yakatoka nje, na maji yakawa ya uvuguvugu. Kome hawakuwa na raha. Ndani ya wiki mbili walifunga mara tatu, na mara tatu mji mzima ulikaa bila maji. Kila mara maabara walipima wakasema maji ni safi. Sasa, maabara hupima kile walichoambiwa wapime. Kome haambiwi, yeye anaonja. Nilimweleza hivyo mkuu wa kituo, akaniuliza kama ningependa kupokea simu za wateja mimi mwenyewe.

Nyumbani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mdogo wangu alikuwa amehamia kwangu na mwanawe wa miezi minne. Maziwa ya mama yalikauka mapema, mtoto akawa anakunywa ya kopo. Tulimwita Pipa, kwa sababu hajawahi kukataa chupa tangu azaliwe; akiiona kwa mbali tu, kinywa wazi. Maji yakikatika, mama yake alipandisha ndoo mpaka ghorofa ya nne, mtoto mgongoni. Jioni ya kengele ya tatu aliniambia, wala hakupandisha sauti, "Dada, wewe unawahurumia kome kuliko mwanangu."

Neno lile lilinichoma. Mimi nina hasira za karibu, hilo sikatai. Kesho yake mkuu alishuka na karatasi: kengele izimwe, na pampu isijizime tena, mpaka majibu mapya ya maabara yatoke. Alihitaji saini yangu. Siku nyingine ningebishana naye mpaka apande ngazi kinyumenyume. Siku hiyo nilitia saini, nikazungusha ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe, nikawaambia kome, haya, nuneni mtakavyo. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu nikavunjika vilevile.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango nikakuta wote wanane wako wazi. Wazi kabisa, hata Bi Mkubwa. Ukutani kuna karatasi niliyoiandika zamani kwa herufi kubwa: WAZI NI SALAMA. Furaha niliyoipata, acha tu. Sikuketi hata kwenye kiti. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia ajaze kila chombo na amtengenezee Pipa maziwa kwa maji ya bomba, ndoo sasa basi. Alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Kabla hajakata simu nilisikia maji yakigonga ndani ya pipa la jikoni.

Nikamimina chai. Ndipo nikahisi chumba kimetulia kupita kiasi. Pampu ilikuwa ikinguruma kama kawaida, lakini kuna kitu kilipungua na ilinichukua muda kukijua. Kome wakijibana hurusha tone la maji juu, tik, halafu tik. Sauti hiyo nimeisikia miaka kumi na moja mpaka nikaacha kuisikia. Nikatazama kompyuta. Mistari minane ilikuwa imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nikapitisha mkono juu ya tangi. Kivuli kikawapitia mmoja mmoja na hakuna aliyejibana. Nikarudia polepole, nikijidanganya kwamba wamenizoea. Nikagonga kioo. Waliendelea kunionyesha ule weupe wa ndani ya magamba, vinywa wazi, na nyama zao zikipepea kwa sababu maji yanapita tu. Niliogopa kuwapa mgongo.

Kome akifa, msuli hulegea na magamba hufunguka. Najua hilo kuliko mtu yeyote pale kituoni, na bado niliona wazi nikasema salama. Nikarudisha picha ya kompyuta nyuma. Walifunga wote jana saa kumi na moja jioni, nikiwa nimetoka tu. Walibana pumzi usiku kucha wakiningoja. Alfajiri walianza kufunguka mmoja mmoja, na wa mwisho kufunguka alikuwa Mbea.

Nilizima pampu kwa mkono. Nilimpigia mkuu nikamwambia wamekufa, naye hakuuliza ni kina nani. Kisha nikampigia mdogo wangu. Simu iliita mpaka ikakata, mara mbili. Ya tatu akapokea.

"Umempa mtoto maziwa?"

"Nimejaribu mara tatu. Leo Pipa kakataa, dada. Kabana midomo, hata nikimfinya mashavu hafungui. Sijui ana nini."

Nilikaa chini, pale pale kwenye maji, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikamwambia amwage chupa, afunge bomba, asiguse chochote.

"Nimwage nini? Wewe si ndiye unayegomba vitu vikimwagwa? Nimeyanywa mimi."

Sikumbuki nilivyofika. Nilimkuta kwenye sakafu ya jikoni ameegemea pipa lililojaa, mate yakimtoka, mikono ikimtetemeka. Pipa alikuwa amelala kwenye mkeka kando yake. Hakuwa akilia. Alikuwa akinitazama tu, midomo kaibana mpaka imepauka.

Hospitali mchana ule ilijaa watu mpaka ukumbini. Daktari alisema ni dawa ya kuulia wadudu, imetiririka kutoka mashambani ikaingia mtoni, na mto mdogo vile hauna maji ya kuipunguza makali. Kuhusu mdogo wangu alisema wametibu walichoweza, kilichobaki ni kuona kama ataamka. Alilala usiku huo na asubuhi nzima iliyofuata. Pipa alikubali vijiko vichache tu kwa muuguzi, kisha akabana midomo tena.

Alasiri nilikuwa nimeketi kando ya kitanda, mtoto mapajani. Mdogo wangu alilala chali, kinywa wazi. Sikuona kifua kikipanda. Nilipaswa kumwita muuguzi, lakini niliogopa atakaloniambia. Badala yake niliinua mkono nikaupitisha juu ya uso wake, polepole, kama ninavyofanya kila asubuhi. Kivuli kikapita juu ya paji, macho, mdomo. Hakuna kitu. Nikarudia, na machozi yalikuwa yameshaanza.

Akafunga mdomo.

"Ondoa mkono, dada," akasema, macho bado kayafumba. "Mimi si kome wako."

Mapajani mwangu Pipa akapanua kinywa chote na kuanza kulilia chupa. Ilikuwa tayari mfukoni. Maji yake nilikuwa nimeyaonja mimi kwanza, tangu asubuhi.