Usichomoe

Namba kwenye skrini ilikuwa imesimama kwenye asilimia thelathini na tano tangu nilipofika. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta ya marehemu Mzee Mathews Opondo, saa yangu ya mkononi nimeiweka mezani, na kila baada ya dakika tano niliandika kwenye daftari: 35, 35, 35. Ile taa ndogo ya diski bado ilipepesa, kwa hivyo sikugusa kitu. Mashine ambayo taa yake inapepesa ina kazi inayofanya, hata kama skrini imeganda, na watu wengi huharibu kompyuta zao hapo hapo.

Nyuma yangu alisimama Joram, mtoto wa kwanza wa mzee, mwanamume wa miaka hamsini hivi. Kila nilipoandika namba alichungulia daftari.

"Mama Nekoye, ukiizima na kuiwasha si itashtuka?"

Nilimwambia tusubiri kidogo. Alicheka kwa pua, akasema baba yake naye alikuwa mtu wa kusubiri, ndiyo maana amewaachia wengine kazi zote.

Ilikuwa Jumatano, saa tisa mchana, na nyumba ile ya Nyamasaria ilikuwa imejaa waombolezaji. Hema lilikuwa limepigwa uani, na sufuria za chai zilipita mlangoni bila kukoma. Ijumaa mwili ungetoka mochari kwenda kijijini Seme, Jumamosi mazishi. Kijitabu cha mazishi kilitakiwa kwa mchapishaji mjini kesho saa nne asubuhi. Baada ya saa hiyo, alisema, hangeweza kukimaliza kwa wakati, kwa kuwa wiki hiyo alikuwa na mazishi mengine manne.

Kilichokosekana ni wasifu. Mzee aliuandika mwenyewe. Krismasi iliyopita aliwaambia watoto wake mezani kwamba hataki mtu amtungie maisha. Ameshayaandika, yako ndani ya kompyuta, na yasomwe jinsi yalivyo. Walicheka wakaendelea kula. Hakuna aliyeomba kuyasoma.

Mtu mwingine aliyeungojea wasifu ule alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha zambarau kichwani, mikono ameikunja. Jina lake Bridget. Alinikuta langoni nilipokuwa ninaingia na kunieleza shida yake kwa maneno machache, kama mtu aliyeyapanga njiani. Mzee Opondo alikuwa afisa wa samaki kule Usenge kwa miaka kumi na mmoja, na huko ndiko alikozaliwa yeye. Mama yake hayuko tena. Mwezi wa tatu mzee alimpigia simu akamwambia ameandika watoto wake wote, saba. Kwenye rasimu aliyotunga Joram, ambayo ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu, walikuwa sita.

"Wakisoma sita mbele ya kijiji kizima," aliniambia, "mimi nitakuwa nimekuja kuzika mtu nisiyemjua."

Mimi ni mtu wa Bungoma, kompyuta nimejifunza kwa kuzifungua na kuzifunga, na mambo ya nyumba ya watu sina ruhusa ya kuyafungua. Lakini Joram naye, nilipokuwa ninaunganisha kibodi, alinieleza bila kuulizwa. Alisema hajamkataa yeyote. Hajui tu, na hawezi kuchapisha asichokijua. Kama baba ameandika saba, atasoma saba kwa mdomo wake mwenyewe. Wote wawili walikuwa wanangoja faili moja, na sikuona sababu ya kumwamini mmoja zaidi ya mwingine.

Tatizo lilianza jana. Kompyuta ilikuwa imekaa miezi miwili bila kuwashwa, tangu mzee alazwe. Akiwa mzima aliifunga isipakue kitu bila ruhusa, kwa kuwa alitumia bando la simu na hakutaka limezwe. Lakini jirani aliipa nyumba ile paswadi ya waifai yake ili ndugu walioko ng'ambo wafuatilie mikutano ya mazishi. Joram aliiunganisha kompyuta hapo, nayo ikaona mtandao wa bure kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ikapakua masasisho yote. Ilipomwambia iwashwe upya alibonyeza ndiyo, akaenda mochari. Aliporudi jioni skrini ilikuwa nyeusi. Akaiwasha, na tangu hapo ilikuwa inazunguka, inapanda hadi thelathini na tano, inajizima, inaanza tena.

Saa tisa na dakika arobaini, namba ilitoweka. Skrini ikaandika kwamba sasisho limeshindikana na mabadiliko yanaondolewa. Niliwaambia hiyo ni habari njema. Kompyuta ilijizima, ikajiwasha, ikauliza paswadi. Joram aliiingiza. Watu walikuwa wamesogea. Niliwasikia wakipumua juu ya kichwa changu.

Skrini ikafunguka. Ilikuwa ya buluu, tupu. Hakuna faili hata moja. Hata picha ya mashua ambayo Joram alisema mzee aliiweka hapo haikuwepo.

Kisha Bridget alitoka mlangoni akaja hadi katikati ya sebule.

"Umeifuta," alimwambia Joram. Sauti yake haikupanda. "Jana ulikuwa peke yako na hii mashine. Umeifuta, halafu umeita fundi aje awe shahidi."

"Shahidi wa nini? Wewe nani amekuita hapa?"

"Baba yangu."

"Baba yako yupi? Tuonyeshe basi."

Agneta, dada wa marehemu, alinyanyuka kutoka kwenye kochi na kusema kitu kirefu kwa Kijaluo ambacho sikukielewa chote, ila nilisikia jina la Usenge mara mbili. Wanaume wawili waliingia kutoka hemani. Mmoja alimshika Joram bega. Niliona mkono wa Joram ukikunja ngumi.

Nilisema, kwa sauti niliyo nayo, ambayo si kubwa, kwamba hakuna kilichofutwa ambacho nimekiona. Ilibidi nirudie. Nikawaeleza kwamba sasisho likikatika katikati, kompyuta wakati mwingine hushindwa kufungua chumba cha mwenyewe, basi hufungua chumba cha wageni. Chumba cha wageni huwa kitupu. Haimaanishi kwamba cha mwenyewe kimechomwa.

"Tuonyeshe hicho cha mwenyewe," alisema Agneta.

Nilifungua diski, nikaingia kwenye folda ya watumiaji. Zilikuwepo folda tatu. Ya tatu ilikuwa na jina la mzee, na sasisho lilikuwa limeibandika nukta na sufuri tatu mwishoni. Nilibonyeza. Ikafikiri. Nyaraka zikaanza kujitokeza moja moja: barua za kanisa, ripoti za samaki, picha ya mashua. Na chini kabisa: HISTORIA YANGU YA KUSOMWA.

Bridget alikaa chini sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

Sikulifungua faraghani wala hadharani. Kwanza niliangalia tarehe yake na kuisoma kwa sauti, ili wote waisikie. Faili liliguswa mara ya mwisho tarehe nane mwezi wa tano. Mzee alilazwa tarehe kumi na moja. Tangu hapo hakuna aliyelibadilisha. Nilisema hivyo tu, sikuongeza. Joram aliutoa ule mkono mfukoni, alimokuwa ameuficha, akajifuta nao uso.

Kisha nikajaribu kulinakili kwenye flashi. Mstari wa kijani ulifika nusu ukasimama. Ndani ya kompyuta nikasikia mlio mdogo, tik, kama ukucha juu ya bati. Tik tena. Skrini ikasema faili haliwezi kusomeka.

Huo mlio ninaufahamu. Ni diski iliyoumia. Nikaacha kila kitu, nikaondoa mkono kwenye kipanya, nikaandika kwenye daftari nilichokisikia na saa niliyokisikia. Sasisho pekee haliumizi diski hivi. Nikafungua kumbukumbu za mashine yenyewe, mahali inapoandika kila kinachoipata. Jumanne, saa tano na dakika kumi na nne asubuhi, katikati ya sasisho, umeme ulikatika ghafla.

"Jana stima haikupotea," Agneta alisema. "Redio ilikuwa inaimba mchana kutwa."

Nilipiga magoti, nikaingia chini ya meza na tochi ya simu. Ukutani kulikuwa na soketi mbili. Moja ilibeba ekstenshoni, na kwenye ekstenshoni ile simu za nyumba nzima zilikuwa zinanyonya moto, chaja kumi, kila moja imefungwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe ili isipotee: Mwalimu, Opiyo wa Seme, Nyar Alego. Plagi nyeupe ya kompyuta ilikuwa imebanwa kwenye tundu la mwisho la ekstenshoni. Kutoka pale chini nilimuuliza Joram kama ndipo ilipokuwa siku zote. Alisema hapana. Jana jioni aliikuta sakafuni, akadhani mtu ameivuta kwa mguu, akaichomeka palipokuwa na nafasi.

Soketi ya pili ya ukutani, iliyokuwa ya kompyuta, ilikuwa na chaja moja. Nilimulika plasta yake. Kalamu ya buluu ilikuwa imeandika: B. Usenge.

Nilikaa chini ya meza ile muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Nilipotoka nilipangusa magoti, nikasema tu kwamba umeme ulikatika kwenye mashine hii peke yake, na nikataja saa.

Sikumtazama mtu. Lakini nikasikia Bridget akinyanyuka.

"Mimi nilifika jana saa tano," alisema polepole. "Simu yangu ilikuwa imezima. Nilitaka kuwaambia wa nyumbani kwamba nimefika." Alitazama chini ya meza. "Kulikuwa na plagi nyeupe. Skrini ilikuwa nyeusi, nikadhani haina kazi. Niliichomoa."

Joram alicheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri. "Kwa hivyo ni wewe. Umekuja na mkono wako mwenyewe ukajifuta, kisha ukanitukana mbele ya watu."

Agneta alianza kusema jambo, na hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza sauti ya mjane. Mama Seline alikuwa ameketi kwenye godoro lake pembeni, miguu ameinyoosha, shuka begani.

"Fundi," aliniuliza, "imekufa au inaumwa?"

"Inaumwa, Mama."

"Inahitaji nini?"

Nilimweleza. Faili halikuwa la kuvutwa tena kwa nguvu, maana kila jaribio lingeichosha diski zaidi. Njia ilikuwa kuinakili diski nzima, polepole, kipande kwa kipande, kwenye diski yangu iliyo salama, kisha kulitafuta faili huko. Ningependa kwenda nayo kwangu, nilisema, ambako ninaweza kuilinda. Agneta alikataa kabla sijamaliza: hakuna kitu cha ndugu yake kitakachopita lango lile kabla mwenyewe hajazikwa. Joram alitikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jambo la kwanza nililowaona wakikubaliana.

Basi ifanyike hapa hapa, nilisema, lakini itachukua hadi alfajiri. Na kuanzia sasa mpaka hapo, umeme ukikatika hata mara moja, sitaahidi kitu.

"Leteni godoro langu hapo mezani," Mama Seline alisema.

Walilivuta. Alilisogelea kwa magoti, akakataa kushikwa, akaketi. Kisha akamtazama Bridget, kwa muda ambao sote tuliuhisi.

"Wewe utalala upande wa ukuta, hapo kwenye soketi. Aliyechomoa ndiye atakayelinda. Nami nitalala upande huu, mtu yeyote akitaka kufika kwako apitie kwangu."

"Mama," Joram alisema, "hujui hata ni nini kimeandikwa mle."

"Sijui. Na wewe hujui. Nenda umpigie huyo mchapishaji umwambie ukurasa wa watoto bado."

Joram alisimama kama anataka kubishana. Kisha akatoa simu, akatoka kwenda uani. Kupitia dirishani nilimsikia akimbembeleza mtu, ukurasa mmoja tu, bwana, hadi saa nne, akitaja saa nne mara tatu.

Nilichomoa chaja zote kumi na moja nikazipanga juu ya kochi, na watu wakaja kuchukua zao wakinung'unika. Nilirudisha plagi nyeupe ukutani, nikaiwasha kompyuta kwa flashi yangu bila kuiruhusu iguse mfumo wake ulioharibika, nikaunganisha diski yangu, nikaanzisha kazi. Nikakata plasta ndefu kutoka kwenye bunda walilotumia kwa chaja, nikaandika kwa herufi kubwa USICHOMOE, nikaibandika juu ya plagi. Bridget aliisoma. Aliondoa kitambaa chake cha zambarau, akakikunja kikawa mto, akalala ubavu akiitazama, viatu bado miguuni, na ilikuwa bado saa kumi na mbili kasoro, jua halijazama.

Nilingoja hadi namba ya kwanza itokee. Ilipofika asilimia nne nikasikia mlio ule tena, tik, na Mama Seline akanigeukia. Tulisikiliza pamoja. Haukurudi. Namba ilikaa kwenye nne kwa dakika sita, saba, kisha ikawa tano.

Niliandika kwenye daftari: 5, saa kumi na mbili na dakika kumi. Chini yake niliandika saa kumi na mbili asubuhi, saa niliyoahidi kurudi, nikaacha nafasi ya namba mbele yake. Joram alinisindikiza hadi langoni.

"Ikifika mia," aliuliza, "nani atalifungua hilo faili?"

Nilimwambia tutajua kesho kama litafunguka.