Mabua Yaliyotoa Moshi

Serikali ilipowahamishia karibu na Ihanda kwa Operesheni Vijiji, Loisi na mumewe Nikodemo walipewa shamba lililokwisha kuchoka. Mahindi ya mwaka wa kwanza yalitoka ya njano, yakaishia kiunoni. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, majirani walipoanza kuchoma mabua yao, Loisi aliwaomba wampe. Aliyakatakata kwa panga, akayapanga nyuma ya nyumba pamoja na maganda ya maharage, samadi na majivu, akamwagia maji na kufunika kwa majani ya migomba. Bwana shamba ndiye aliyemfundisha.

Jirani yao Osea alimpa mabua mengi kuliko wengine. Mwezi huohuo Osea akamzika mwanawe wa pekee, aliyekufa kwa kikohozi.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiuma kweli, Osea akapita nyuma ya nyumba ile na kuona rundo linafuka.

"Moto uko wapi, Mama Aida?" alimuuliza Loisi.

"Hakuna moto, shemeji. Yanaoza. Ingiza mkono, utasikia joto."

Osea alirudi nyuma. "Mabua yangu hayo. Umemroga mwanangu, umemzika humo."

"Shemeji, Mungu anisamehe, mimi nilimlilia mtoto yule!"

Osea aliondoka. Alirudi na kaka zake wawili, kila mmoja na jembe, wakaanza kulifumua rundo. Mvuke ulipanda mzito, wao wakazidi kupiga kelele. Nikodemo akatoka mikono mitupu.

"Ndugu zangu, tuongee kwanza."

Osea alimpiga usoni kwa mpini. Loisi alisikia mfupa ukivunjika. Nikodemo akaanguka, damu ikamjaa jichoni, na wale kaka wakamkanyaga mbavu kama wanaokanyaga udongo wa matofali. Osea akainua jembe tena, safari hii upande wa chuma.

Panga la kukatia mabua lilikuwa ukutani. Loisi alilishika, akakata. Mkono wa Osea ulifunguka kuanzia kiwiko hadi kiganjani, jembe likamponyoka. Akakata tena, pajani. Kaka zake walipoiona damu inavyoruka, walikimbia. Osea alianguka juu ya mabua ya moto akilia jina la mwanawe, na Loisi akasimama juu yake, panga hewani. Alitaka kumaliza. Alitaka sana.

"Mama Aida, acha," Nikodemo alisema kutoka chini. "Acha, nakufa, nibebe."

Akalitupa panga.

Nikodemo hakufa, ila jicho lile halikuona tena. Osea aliponea hospitali, vidole vyake vitatu vikabaki vimekakamaa. Akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Loisi aliachiwa kwa kuwa alimtetea mumewe, lakini kisimani wanawake walikuwa wakimpisha na kumpa kisogo.

Alilikusanya rundo upya peke yake, mabua mengine yakiwa yamegandwa na damu.

Mvua za kupandia zilipokaribia, Yunisi, mke wa Osea, alisimama mlangoni na kikapu kitupu.

"Shamba langu limekufa," alisema, macho chini. "Na mwenye nguvu za kulima hayupo."

Loisi alimtazama mpaka mwenzake akakitua kikapu chini. Kisha akachukua koleo, akamjazia kikapu mbolea nyeusi, laini, inayonuka mvua.

"Weka kiganja kimoja kila shimo," alisema. "Ukimaliza, njoo uchukue nyingine. Lakini usinisalimie, Yunisi. Bado siwezi."

Yunisi akajitwika kikapu, akaelekea shambani kwake.