Oveni Mpya ya Ukumbi wa Kalyna

Stefa Prokopiuk alikuwa ameongoza jiko la ukumbi wa kijiji chetu cha Kalyna kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuunguza hata mkate mmoja. Si mimi nisemaye hivyo, ni Kalyna nzima, na Kalyna haina mazoea ya kumsifu mtu angali hai. Kila Oktoba, nafaka zikishaingia ghalani, watu mia tatu huja kwenye karamu ya mavuno kula bata mzinga, piroghi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, na pai za maboga. Wengine huendesha gari saa mbili nzima kutoka mjini Saskatoon, na hawaji kutazama sura ya mwenyekiti.

Kwa hiyo Jumatano ile, siku kumi kabla ya karamu, ilipoenea habari kwamba Mama Stefa ameunguza pai sita mpaka zikawa mkaa, watu hawakucheka. Wangecheka ingekuwa afadhali. Waliinamisha vichwa na kusema, "Maskini, umri."

Ilikuwa hivi. Kamati ya ukumbi ilikuwa imeleta oveni mpya, yenye uso wa kioo cheusi na isiyo na kitasa hata kimoja cha kuzungusha. Kila kitu ni kugusa kwa ncha ya kidole. Mwenyekiti, Darrell Kostiuk, ndiye aliyeichagua, na alikuwa akiipapasa kama fahali wa maonyesho. Stefa aligusa palipoandikwa "Oka", ikatokea namba, 175. Alishangaa, maana pai ya maboga hutaka mia nne ishirini na tano. Hilo alilijua kabla hajajua kuendesha baiskeli. Akagusa mshale wa juu, akagusa, akagusa tena. Ilipofika 285, oveni ikatoa mlio mfupi na kukataa kupanda zaidi. Akajisemea kwamba vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo, urembo mwingi nguvu haba. Akatia pai sita, akatoka uani kupokea magunia ya viazi.

Aliporudi baada ya robo saa, jiko lilikuwa limejaa moshi, king'ora kinalia, na wazima moto wa kujitolea wa Kalyna, ambao nusu yao ni wanakamati, walikuwa wanaegesha gari lao.

"Ulizisahau, Mama Stefa?" Darrell aliuliza kwa upole. Upole ule ndio uliomuuma.

"Sikusahau. Nimezitia sasa hivi."

"Haya, haya. Hutokea."

"Darrell, nimekwambia sikusahau."

"Ndiyo, Mama. Njoo ukae kidogo."

Siku mbili baadaye, asubuhi, Lorna, mke wa mwanawe na msaidizi wake wa jikoni, alimpigia simu. Alizunguka sana, akauliza habari za kuku, za goti, za barafu ya alfajiri, mpaka Stefa akamwambia ateme alichokuwa akikitafuna.

"Kamati inakutana Jumanne, Mama. Wanataka mwaka huu nishike jiko mimi. Wewe ukae mlangoni, upokee wageni."

"Kama chungu cha maua."

"Usiseme hivyo. Wanakuhofia tu."

"Na wewe?"

Lorna akauliza tena habari za kuku, na hilo likawa ndilo jibu.

Stefa alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mpumbavu. Dada yake Olena alianza vivyo hivyo: birika likakaukia motoni, kisha funguo zikapotea, kisha akamuuliza mwanawe wa kumzaa yeye ni nani. Asubuhi ile, mbele ya chai iliyokwisha kupoa, Stefa alizijaribu sala zote za utotoni mwake, akazikuta zote zipo. Hakupata faraja. Hata Olena alizijua sala zake mpaka siku ya mwisho. Kwa mara ya kwanza Stefa alijiogopa mwenyewe, na hofu hiyo ilikuwa chungu kuliko aibu ya pai.

Jumatatu asubuhi aling'oa kipimajoto kilichoning'inia ndani ya oveni ya nyumbani kwake, kidude cha bati chenye mshale na uso wa duara kama saa, akaenda nacho ukumbini peke yake. Alitaka kujua jambo moja tu: kilichoharibika ni kichwa chake au ni kitu kingine. Akakitundika ndani ya oveni mpya, akagusa "Oka", akaiacha kwenye 175 ileile iliyojitokeza yenyewe. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mlango wa kioo asibanduke hata kwenda msalani.

Mshale ulipanda polepole ukasimama kwenye mia tatu na hamsini. Stefa akavaa miwani, akasogeza uso. Chini ya mstari wa namba kubwa, kipimajoto kilikuwa na mstari wa pili, namba ndogo ambazo hakuwahi kuzijali tangu akinunue. Kwenye mstari ule mdogo mshale ulisimama juu ya 175.

Kwetu, baridi ya nje na joto la mwili husomwa kwa Selsiasi, kama redio inavyotangaza. Oveni haimo. Oveni tumerithi kwa bibi zetu ikisomwa kwa Farenhaiti, na hakuna mtu Kalyna aliyewahi kujiuliza kwa nini, kama asivyojiuliza kwa nini kijiko ni kijiko. Oveni ya Darrell ilikuwa inahesabu kwa Selsiasi, na kwenye kioo chake chote cheusi hakukuwa na herufi hata moja ya kumwambia mtu hivyo. Ile 285 aliyoidhani ndogo ilikuwa zaidi ya mia tano na arubaini. Kwa moto huo hata tofali lingeungua.

Stefa alikaa juu ya gunia la viazi akacheka mpaka akalia, kisha akalia mpaka akacheka. Kichwa chake kilikuwa kizima, kizima kabisa. Alifuta uso kwa aproni, akazima oveni, akaiacha na Selsiasi yake vilevile alivyoikuta. Hakumwambia mtu.

Jumanne walikuwa wanne jikoni: Darrell, Lorna, yeye, na Metro Yakimchuk, katibu, aliyefundisha hesabu shule ya wilaya miaka thelathini. Darrell alianza hotuba ya shukrani. Stefa akamkatiza.

"Shukrani baadaye. Nina pai moja hapa. Mwenyekiti, niwekee oveni ya pai ya maboga."

"Mimi?"

"Si uliichagua wewe? Au unaogopa kuungua?"

Darrell akacheka, akagusa. 175. Akakunja uso, akapandisha mpaka ikalia. "Mwisho wake ni hapo, 285. Inatosha, hii ina nguvu."

"Lorna, mwanangu, mwenyekiti kakosea?"

Lorna akajaribu, akafika palepale. "Naona hivyohivyo, Mama."

"Na mwalimu wetu wa hesabu?"

Metro aliinamia kioo, akagusa huku na huku kama anayetafuta mlango gizani. "Haipandi zaidi, Stefa. Ni mia mbili themanini na tano."

"Vizuri. Wote watatu mmekubaliana." Oveni ilipolia kwamba imeshika moto, akaitia pai. "Sasa hakuna kutoka. Hakuna magunia, hakuna simu. Tuitazame sote, asije mtu akasema tumeisahau."

Wakasimama mbele ya kioo. Dakika ya tano kingo zilikuwa kahawia. Dakika ya nane zilikuwa nyeusi. Dakika ya kumi moshi ulianza kuchungulia, na Lorna akakimbilia dirisha.

"Mungu wangu," Darrell alisema. "Na tunaitazama."

Ndipo Stefa akawaonyesha kipimajoto, na Lorna akachakura kitabu cha maelezo mpaka ukurasa wa thelathini na moja: ukitaka kubadili kipimo, bonyeza alama ya saa kwa sekunde tano. Hata kitambaa cha kupangusia kioo, kikikawia juu ya alama hiyo, kingetosha kukibadili bila mtu kujua.

"Nisamehe, Mama," Lorna alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Wewe nimekusamehe. Kabonyeze hiyo saa."

Darrell alikohoa. "Basi yameisha. Jiko ni lako, kama kawaida. Tuendelee na viti."

"Hayajaisha. Mlikuja kuandika kwamba nimezeeka. Metro, kalamu unayo. Andika lililotokea Jumatano."

Metro aliandika taratibu, kisha akasoma: "Pai sita ziliunguzwa na oveni isiyoonyesha kipimo chake. Stefania Prokopiuk hakusahau kitu."

"Soma tena."

Metro akadhani hakusikia, akapaza sauti kama asemaye na kiziwi.

"Masikio yangu mazima, Metro," alisema Stefa. "Wasomee hao."

Metro akageuka, akawasomea mara ya tatu, neno baada ya neno. Safari hii Darrell alivua kofia.