Mtungi wa Don Anacleto

Don Anacleto Bazaldúa alifika karakana yetu Jumatatu moja asubuhi, amevaa suti kama anayekwenda kuapishwa, akaniambia anataka mtungi wa kutiwa ndani akishakufa.

"Mtungi wenye kifuniko," akasisitiza, kana kwamba mimi ningempa ulio wazi ili mende waingie.

Mimi naitwa Zenaida Cuautle. Nafinyanga mitungi yenye vifuniko tangu miguu yangu ilipoanza kufika chini kulisukuma gurudumu, hapa hapa mjini kwetu, nusu saa kwa basi kutoka Puebla. Dada yangu Brígida ndiye anayepaka rangi, buluu juu ya nyeupe. Don Anacleto hakuhitaji kujitambulisha kwetu. Aliwahi kuwa meya kwa miaka mitatu, miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo hakuacha kuwa meya. Walioacha ni watu. Kazi yake kubwa ilikuwa chemchemi ya mawe pale uwanjani. Aliizindua mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza maji hayakutoka. Mara ya pili hayakutoka vile vile, ila bendi ilipiga vizuri zaidi.

"Unataka wa ukubwa gani, don Anacleto?" nikamuuliza.

Akaweka kiganja kifuani. "Ufike hapa."

"Majivu ya mtu hayazidi kilo tatu, don. Kijitungi cha kahawa kinatosha, na nafasi ya kujigeuza inabaki."

"Hayo majivu ya mtu wa kawaida, fundi."

Brígida aliinamia brashi zake, mabega yakimtikisika.

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na niseme ukweli wangu: tangu enzi za baba hakuna aliyetuagiza mtungi wa kufika kifuani, na mimi nilitaka mji mzima uone ni nani anayeweza kuuinua. Tulikuwa wawili wenye majivuno. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na matope mikononi.

Mtungi wa ukubwa ule hauinuki kwa mkupuo mmoja. Unafinyanga nusu ya chini, unaiacha ikaze kidogo, unafinyanga nusu ya juu, kisha unazikutanisha na kukisugua kiungo mpaka kidole kisikione. Hiyo ni kazi ya nguvu. Kazi ya akili ni kifuniko. Unakifinyanga kwa udongo wa bonge lile lile, unapima mdomo kwa bikari ukingali mbichi, kisha unakiweka juu ya mtungi wake na kuviacha vikauke pamoja, kivulini, bila haraka. Udongo ukikauka hupungua. Vikipungua pamoja vinaelewana. Ukivitenganisha, kila kimoja kinajikunja kivyake, na hakuna fundi wa kuvipatanisha.

Yote haya nilimweleza don Anacleto, kwa sababu alikuja kila siku na kukaa kwenye kiti chetu kimoja chenye mgongo. Aliitikia kwa kichwa, halafu akanielekeza mahali pa kubonyeza. Siku ya nne akatangaza kwamba kishikio cha kifuniko kiwe kichwa chake.

Brígida alikifinyanga kwa mkono, ukubwa wa limau kubwa.

"Kidevu hiki si changu," don Anacleto akasema.

"Viko vitatu, don. Unakataa kipi?"

Vikaondoka viwili. Kesho yake ikaondoka mifuko ya chini ya macho. Kesho kutwa zikaota nywele. Kufikia Ijumaa ya wiki ya pili tulikuwa na kijana wa miaka thelathini anayefanana na mtakatifu fulani, au na muuza viatu. Don Anacleto akakitazama kwa machozi, akasema, "Sasa ndiyo mimi."

Mkewe, doña Hermelinda, alimfuata siku mbili tatu hivi. Alikaa karibu na mlango, juu ya mifuko ya udongo, akiwa na kikapu cha tamale za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake, alizotuletea. Mumewe akimuuliza, "Si inapendeza, Herme?" yeye alijibu, "Ndiyo, Cleto," halafu akamgeukia Brígida kumuuliza habari za goti lake. Katika watu wote waliopita karakanani mwaka ule, ni yeye peke yake aliyewahi kuniuliza kama mikono inaniuma.

Jumamosi nilikwenda sokoni. Niliporudi, mtungi ulikuwa umesimama bila kifuniko.

"Amekichukua," Brígida akasema. "Nimemwambia hakitoki hapa. Amesema yeye si mtu wa kuzuiwa mlangoni."

Kichwa kilikuwa mkahawani, juu ya meza ya domino, jua likikipiga upande mmoja. Kilikaa huko siku tatu. Jumanne don Anacleto alikirudisha ndani ya kofia yake, uso umemng'aa.

"Wote wamekubali kwamba ni mimi."

Nikakigeuza. Duara lilikuwa limegeuka yai. "Don, hiki kimeharibika. Nitafinyanga kingine."

"Hicho hicho, fundi. Wananchi wameshakiona."

Basi kikaingia tanurini hicho hicho. Baada ya moto wa kwanza tukavitia weupe, na Brígida akaanza kuchora. Alichora kanisa, akachora mlima na kofia yake ya theluji, akachora chemchemi ya uwanjani. Don Anacleto akaja, akavaa miwani.

"Maji yako wapi?"

"Nimechora nilichokiona, don."

"Chora maji."

Brígida akachora maji, mengi, yakiruka pande zote. Ndiyo mara ya kwanza chemchemi ile kutoa kitu. Tukachoma mara ya pili, na mtungi ukatoka mzuri mno, nasema hivyo bila haya, na juu yake kifuniko kimekaa kama kofia ya mlevi. Ukikigusa kinayumba. Don Anacleto alisema kinampa kichwa uhai.

Wanaume wanne waliubeba hadi sebuleni kwake, ukasimamishwa kati ya televisheni na sanamu ya Mama Maria. Akaalika watu waje kula bata mzinga kwa mole, ule mchuzi mzito wa pilipili. Padri alisema majivu ya Mkristo mahali pake si sebuleni, kisha akaomba sahani ya pili. Don Anacleto akasimama kando ya mtungi, mkono juu ya bega lake la udongo, akatuhutubia kwa nusu saa jinsi tutakavyomkosa. Doña Hermelinda alikuwa anagawa chakula. Sikumwona akikaa.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, aliyekufa ni yeye, doña Hermelinda. Moyo. Alikuwa uani anaosha mahindi, na bomba likaendelea kumwaga maji mpaka jirani akaingia kuuliza kulikoni.

Yule bwana aliyekuwa na hotuba ya kifo chake mwenyewe hakuwa na hata neno moja la kifo cha mkewe. Majivu yalipokuja, kisanduku cha kubebwa kwa mkono mmoja, nyumba nzima haikuwa na mahali pengine palipoandaliwa. Akamtia kwenye mtungi. Tulikuwepo, tukasikia yakitua chini kabisa, kama mtu anayemwaga punje za mchele kisimani.

"Ni kwa muda tu," akatuambia, kama vile marehemu ameuazima.

Halafu watu wakaanza kuja. Nilidhani ni wiki moja, wamalize sala zao, basi. Hawakumaliza. Alikuja muuza chapati za mahindi, wakaja wanawake waliozoea kuazima sufuria zake, akaja mzee mmoja kutoka kijiji ambacho don Anacleto hakuwahi kukisikia, akasema doña Herme alimwandikia barua zake zote kwa mwanawe aliye ng'ambo ya mpaka. Walileta maua na mishumaa. Waliupapasa mtungi, wakauongelesha. Macho ya kile kichwa yaliwasumbua katika sala, kwa hiyo mtu akakivika shada la maua, likakifunika hadi shingoni. Don Anacleto alikaa kando yake na suti yake, akipokea wageni ambao hawakuja kwake. Hakuna aliyemwuliza habari za chemchemi.

Baada ya miezi miwili akaja karakanani. Safari hii hakuvaa suti. Alivaa sweta, vifungo vimekosea matundu.

"Fundi," akasema, "hawanitaji kabisa."

"Hujafa, don," Brígida akamjibu. "Subiri zamu yako."

Nilidhani atafoka. Akakaa juu ya mifuko ya udongo, si kwenye kiti, akaitazama sakafu.

"Nataka kifuniko kingine," akasema. "Chenye kichwa chake yeye."

Nikamweleza kwamba mdomo wa mtungi umeshachomwa, haupungui tena. Kifuniko kipya nitakifinyanga kikubwa kuliko mdomo, kwa kukadiria, ili kikikauka na kupita motoni kirudi kwenye kipimo chake. Nikapiga bonge katikati ya gurudumu, nikaanza. Hakunielekeza mahali pa kubonyeza.

Brígida akachukua donge la udongo, akavuta stuli yake mbele ya don Anacleto.

"Haya. Nywele alizitenganisha upande gani?"

"Alizifunga nyuma."

"Najua alizifunga. Mstari ulipita wapi? Kati? Kulia? Kushoto?"

Don Anacleto akainua mkono hadi kichwani pake mwenyewe, akaupeleka kushoto, akaurudisha kulia.

"Na pua yake?"

"Pua... ya kawaida."

"Kovu lake lilikuwa wapi?"

"Kovu lipi?"

Nikasimamisha gurudumu. Hakuna mtu mtaani asiyejua kovu la mafuta ya moto usoni mwa doña Hermelinda.

"Miaka arobaini na moja," Brígida akasema, na katika sauti yake hapakuwa na huruma hata chembe. "Kalete picha."

Kesho yake akaja na boksi la viatu limejaa picha. Tukazimwaga mezani. Don Anacleto akikata utepe. Don Anacleto na bendi. Don Anacleto na ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Doña Hermelinda alikuwemo pia, ukitafuta vizuri: kiwiko nyuma ya bega la mumewe, pindo la gauni, nusu ya sikio. Katika zilizobaki ndiye aliyekuwa ameshika kamera.

Brígida angeweza kumtengeneza kwa kumbukumbu. Uso ule aliujua kama uso wangu. Akalibonyeza lile donge kwa kiganja likawa bapa, akalirudisha kwenye ndoo.

"Sitengenezi. Nikimtengeneza, utakuwa unamwangalia Hermelinda wangu mimi. Wako kamtafute."

Ndipo nikamalizia kifuniko kwa kishikio cha kawaida, mviringo tu, kama kitunguu. Hakubisha. Kilipotoka tanurini nilikipeleka mwenyewe, nikakiweka mdomoni, kikakaa kimya mahali pake. Kile kichwa tulimfungia kwenye gazeti. Alikokificha, Mungu ajua.

Tangu hapo tunamwona mitaani, yeye ambaye zamani alingoja kusalimiwa. Anasimama kwenye foleni ya chapati za mahindi na kuwauliza wanawake. Anabisha hodi kwa majirani. Wengine humcheka mbele yake, na mmoja alimwambia aende akaulize manispaa. Bado anataka aitwe meya, msidhani ameokoka. Lakini akishaitwa meya, anauliza.

Wiki iliyopita alitokea mlangoni kwetu, kofia mkononi.

"Nywele, siku za kazi katikati," akasema, akihema kama aliyekimbia. "Jumapili kushoto. Na kovu lilikuwa hapa." Akagusa kidevu chake, upande wa kulia.

Brígida hakuinua macho kwenye brashi yake.

"Upande wa pili," akasema.

Don Anacleto akahamisha kidole.