Dirisha la Stoo

Sajini wa dawati la kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu alikuwa na mwenzake ng'ambo ya mpaka ambaye hajawahi kumtia machoni. Walijuana kwa simu na kwa utani. Alimwita Pacha, kwa kuwa wote wawili walipewa ofisi zenye feni mbovu. Serikali zao zilipotia saini makubaliano ya kusaidiana, wakubwa walipiga picha wakipeana mikono. Kazi yenyewe ikawaangukia hawa wawili.

Walikuwa na utaratibu mmoja waliojibunia. Kila aliyeokolewa, kabla ya kukabidhiwa ndugu zake, aliingizwa kwanza stoo, chumba chenye kidirisha kinachotazama mapokezi. Humo alimtazama aliyemfuata bila mwenyewe kuonekana, kisha akasema kama yuko radhi kwenda naye. Mkuu wa kituo aliona wanapoteza muda bure. Sajini alimwitikia kwa heshima zote, halafu akaendelea vilevile.

Asubuhi moja askari wa Pacha walimvusha binti aliyeahidiwa kazi ya saluni, akaishia kufungiwa ndani ya nyumba ya watu na kutumikishwa. Shangazi yake, aliyesema amesikia habari za kuokolewa kwake, alikwishafika kumpokea. Alikuwa mcheshi huyo mama! Alilia kidogo, akacheka kidogo, akamwita sajini "mwanangu" na kuonyesha nguo safi alizomletea mtoto wa kaka yake. Sajini akampenda papo hapo. Alitaka hata kumwita binti aje moja kwa moja, wakumbatiane kwa furaha pale pale. Lakini mazoea yana nguvu, akampitisha stoo.

Binti alichungulia, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati.

"Sitoki humu," alisema. "Shangazi ndiye aliyenipandisha gari. Aliniambia nisihangaike kumuaga mama, atamuaga yeye kwa niaba yangu."

Sajini aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Nusura amrudishe binti wa watu mikononi mwa aliyemuuza. Hata hivyo hakupandisha sauti. Alirudi mapokezi, akammiminia shangazi chai nyingine, akampiga picha akidai ni utaratibu wa wageni, akamtumia Pacha. Kule ng'ambo walikuwa wamemshikilia dereva wa lile gari, naye alikuwa akiapa kwamba hamjui aliyempa abiria.

Chai haijapoa, simu ikaita.

"Dereva ameiona picha, amemwaga yote," alisema Pacha. "Mshike huyo mama. Na wahi nyumbani kwake, kuna wasichana wawili wanasubiri gari."

Askari waliwakuta kweli, mabegi yao yakiwa mlangoni. Tangu hapo shangazi hakumwita mtu tena mwanangu.

Sajini alipomuuliza binti amwite nani, alijibu kwa neno moja: mama. Mama huyo alikuwa amelishwa maneno na wifi yake kwamba binti yuko kazini, ametingwa, hata simu hapati nafasi ya kupiga. Alipoelezwa ukweli hakuuliza mara mbili, alifunga mlango na kuondoka na kanga ya kupikia kiunoni.

Alasiri hiyo mkuu wa kituo alisimama mwenyewe mlangoni pa stoo, ameshika ufunguo, akiwaeleza askari wapya umuhimu wa kidirisha kana kwamba kilikuwa wazo lake. Sajini alimwachia sifa zote, roho yake kwatu.

Binti alikuwa hajakifikia kidirisha pale kikohozi kiliposikika koridoni.

"Huyo ni mama," alisema, na hakungoja kutazama. Alimpita mkuu wa kituo kwa kikumbo, ufunguo ukaanguka chini. Mama na mwana wakashikana katikati ya mapokezi, wakilia kwa sauti, na hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Sajini, aliyekuwa akizungumza na Pacha, aliinua simu juu ili naye asikie. Alipoirudisha sikioni, alimsikia mwenzake akivuta kamasi na kulalamikia vumbi linalopeperushwa na feni.

"Feni yako haizunguki, Pacha," alimkumbusha, huku akitafuta kitambaa chake mwenyewe.